Bunduki ya Muda Tu

Mzee Sylus Mghendi wa Marungu alikuwa hajalala kitanda kimoja na mkewe tangu binti yao Daisy alipokuwa darasa la tatu, na sasa Daisy ameolewa huko Salaita na ana mtoto anayeota meno. Lakini usikimbilie kuwaza mabaya. Hakukuwa na mwanamke mwingine. Kulikuwa na bunduki.

Mwaka ule ndovu walikuwa wamekula mahindi, wakala ndengu, wakamalizia na paa la makuti la choo cha kanisa huku mzee wa kanisa akiwa ndani. Serikali ikaona haya, ikagawa bunduki chache kwa wakulima wanaopakana na mbuga, za kutishia tu, kwa kibali cha muda. Mghendi alichaguliwa kwa sababu siku ya baraza yeye peke yake ndiye aliyekuja na koti. Afande aliyemkabidhi, ambaye alistaafu zamani, alimwambia, "Mzee, usiku iwe mahali ambapo mkono wako utaifikia bila wewe kusimama." Mtu mwingine angeisukuma uvunguni yakaisha. Mghendi hakuwa mtu wa namna hiyo. Serikali ikisema mkono, yeye hutii mpaka kiwiko. Akailaza bunduki upande wa ukutani, akaifunika blanketi isipate kutu, yeye akalala katikati, ikabaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Na mkewe Peris, ambaye kijiji kizima humwita Mama Daisy, hajawahi kuwa mwembamba wala hana mpango huo.

"Ni ya muda tu, Mama Daisy," alimwambia. "Mpaka hawa ndovu watulie."

Mama Daisy akachukua mto wake, akaenda kulala na mtoto. Hakupiga kelele. Hakurudi kwao Chawia. Asubuhi alipika uji kama kawaida, akaweka na sukari. Mghendi akajisemea moyoni kwamba amebahatika kupata mwanamke mwelewa. Wanaume bwana! Mke akinyamaza, wao huona ameridhika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, kila mtu anajua, lakini methali haiingii kwenye sikio la mtu aliyepewa bunduki.

Na bunduki yenyewe ilifanya kazi gani? Wacha nikwambie. Ilipigwa mara tatu. Mara ya kwanza ilipigwa hewani, mbuzi wa Mghendi mwenyewe wakakimbia wakapatikana Sagalla. Mara ya pili hewani tena, bumba la nyuki likashuka, watu wakalala ndani na mchana. Mara ya tatu, siku Daisy alipomaliza shule, ikatoboa tangi la maji la kanisa. Risasi zikaishia hapo, na hakuna aliyeleta nyingine wala aliyeuliza. Kila jioni Mghendi alivaa koti lake, akaibeba begani, akazunguka mipaka ya mashamba. Ndovu wasipokuja, watu walisema, "Mnaona? Bunduki." Ndovu wakija, walisema mzee leo ana mafua, hakutembea vizuri. Hata jirani yake Musyimi, Mkamba mwenye shamba kubwa la ndengu na mdomo mkubwa kuliko shamba, alikuwa anajua fika kwamba haina risasi. "Mimi na wewe tunajua," alikuwa akisema. "Ndovu hawajui."

Basi heshima ikawa hiyo. Harusini bunduki ilipewa kiti. Kanisani benchi la mbele liliachwa wazi, nusu ya mzee, nusu ya mgeni wake. Mghendi alizoea kusalimiwa mara mbili.

Ndipo chifu akasimama barazani na habari mbaya: vibali vyote vya muda vimefutwa. Mambo ya muda, alisema chifu, serikali imechoka nayo. Mwenye silaha aombe leseni kamili, ile ya kudumu, ama airudishe Voi kabla mwezi haujaisha. Na leseni kamili haichukuliwi kama chumvi dukani. Lazima nyumbani kuwe na sefu ya chuma iliyofungwa ukutani. Lazima daktari wa akili akuone athibitishe kwamba uko timamu. Na lazima mke wako aje aulizwe mbele ya daktari kama anakubali.

Mghendi alirudi nyumbani mbio. Alimkuta Mama Daisy anapepeta ndengu kwenye ungo.

"Mama Daisy, kibali cha muda kimefutwa!"

Ungo ukasimama. Mama Daisy akainua uso, na uso wenyewe, haki ya Mungu, ulikuwa uso wa msichana. "Imeisha? Ile ya muda imeisha?"

"Imeisha kabisa. Sasa tunaomba ya kudumu."

"Aha," alisema Mama Daisy, akarudia kupepeta.

Hiyo "aha" ilikuwa kubwa kama nyumba, lakini Mghendi aliipita kando bila kuigusa, kwa sababu alikuwa tayari anapima ukuta wa sefu. Yeye hofu yake ilikuwa moja tu: bila bunduki angekuwa nani? Mzee mwenye koti. Marungu imejaa wazee wenye makoti.

Kijiji kikaingia kazini. Musyimi akaongoza. Wakachukua lile tangi la kanisa lililotobolewa, wakampa fundi wa kuchomelea vyuma, akalikata akaligeuza sefu. Ilitoka kubwa hivi kwamba mbuzi angeingia na mwanawe. Ikabidi wabomoe fremu ya mlango kuiingiza chumbani, wakaifunga ukutani kwa nondo. Tundu la risasi lilibaki pale pale mlangoni mwa sefu. Fundi alisema ni la hewa. Mama Daisy aliwapikia wote chai, akawakaribisha mandazi, akatabasamu kwa kila mmoja. Musyimi mwenyewe alimwambia Mghendi wakiwa nje, "Mzee, mke wako ni malaika." Lakini mke wa Musyimi, mama mmoja mpole aitwaye Mbinya, aliliangalia lile tabasamu akaacha andazi lake bila kulimaliza.

Siku ya kwenda Voi bunduki ilifungwa kwenye leso kama mgonjwa. Watu walisimama kando ya njia wakaipungia. Musyimi aliamua kufuata kwa pikipiki nyuma ya mzee na mkewe, ati kuhakikisha. Na sababu alikuwa nayo: ndengu zake zilikuwa zimekauka tayari kuvunwa, na ndovu walikuwa wameonekana ng'ambo ya reli wakinusa upepo.

Daktari wa akili aliitwa Shanice, binti mdogo kutoka Nairobi aliyeletwa kwa kazi hiyo tu, mwenye sauti laini na glasi ya maji mezani. Aliwaamkia shikamoo wote wawili, akawakalisha. Bunduki ilikuwa imebaki nje kwenye kaunta ya polisi, kwa Afande Muinde.

"Mzee, nitakuuliza maswali machache. Usiogope. Kuna wakati unahisi kuna mtu anakufuata?"

"Ndiyo."

Daktari akashika kalamu vizuri. "Nani?"

"Musyimi. Yuko hapo nje."

Daktari akachungulia dirishani. Musyimi akampungia mkono.

"Sawa. Unaona vitu ambavyo wengine hawavioni?"

"Ndovu," alisema Mghendi kwa fahari. "Mimi huwaona kabla ya watu wote. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na usingizi? Unalala vizuri?"

"Vizuri sana. Nikishaifunika blanketi, napitiwa mara moja."

"Unafunika nini?"

"Bunduki."

Kalamu ikasimama. Daktari akamtazama Mama Daisy, na Mama Daisy akawa anaangalia kalenda iliyokuwa ukutani, ya mwaka juzi. "Na mama analala wapi?"

"Chumbani kwa Daisy," alijibu Mghendi, kama mtu anayesema duka liko pale. Lakini ajabu, alipolitamka mbele ya mgeni, neno lilisikika vingine. Alikohoa. "Ilikuwa ya muda tu," aliongeza, na hakuna aliyemuuliza.

Daktari akavuta pumzi. "Mzee, swali la mwisho. Ni la muhimu. Je, una hasira?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Au yaliponyooka, utaamua mwenyewe.

Kwa Wadawida, kabila lake Mghendi, swali hilo halijibiwi kwa maneno matupu. Hasira ya mtu wa karibu ni kitu kizito. Mke akikuwekea hasira moyoni, au wewe ukamwekea, ng'ombe hukauka, mtoto hupata homa isiyo na jina, paa hung'oka siku isiyo na upepo. Dawa yake ni moja, kutasa: unapiga funda la maji, unalipuliza nje kwa nguvu, unasema kilichokuwa moyoni kimetoka, ibaki amani. Ukilipuliza, yameisha, hakuna anayekumbusha mwenzake tena. Sasa mtu kusema "sina hasira" na mdomo mkavu ni sawa na mwizi kusema hakuiba huku kuku anawika ndani ya koti lake. Na Mghendi, mbele ya serikali, alitaka kusema ukweli uliothibitishwa.

"Niruhusu maji," alisema.

Daktari akadhani mzee ana kiu. Akamsogezea glasi yake.

Mghendi alipiga funda, akasimama, akafunga macho, akapuliza. Pfuuu! Maji yakaenda kwenye karatasi, kwenye kompyuta, kwenye miwani ya daktari. "Kama nina hasira na mtu yeyote," alisema kwa sauti ya ibada, "imetoka. Ibaki amani. Ibaki amani kwa ndovu pia." Alipofungua macho, daktari hakuwepo. Alikuwa chini ya meza.

"Afande!" ilisikika sauti kutoka chini. "Afande Muinde!"

Muinde akaingia kwa kishindo, jitu la mtu, akakuta mzee amesimama ameridhika, mama ameketi na mkoba magotini, na viatu vya daktari. "Kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu," alisema Mama Daisy. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunena. "Ameulizwa kama ana hasira, akaitoa. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mzee huyu hana wazimu wowote. Akili zake ziko zote, ila hufuata neno la serikali mpaka linaichosha hata serikali yenyewe."

Daktari Shanice akatoka polepole, akafuta miwani kwa kitambaa. Mpe haki yake, hakuwa mtu wa dharau. Alimsikiliza Mama Daisy akieleza mambo ya funda na mambo ya amani, akatikisa kichwa, akasema kumbe, akaomba radhi kwa kuita polisi. Kisha, kwa sababu kazi ni kazi, akamgeukia. "Na wewe mama, una hasira na mzee? Unakubali awe na bunduki nyumbani kwa leseni ya kudumu?"

Glasi ilikuwa imebaki nusu.

Mama Daisy aliitazama. Akanyoosha mkono, akaichukua, akapiga funda kubwa, mashavu yakajaa. Daktari akarudisha kiti nyuma hadi ukutani. Muinde akajikinga kwa kofia. Mghendi akafumba macho akangoja, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mtoto.

Alisikia "glup."

Akafumbua macho. Mama Daisy alikuwa ameyameza. Yote. Akaweka glasi mezani, akajipangusa mdomo kwa ncha ya leso.

"Mimi ni nani nikatae?" alisema.

Daktari akashusha pumzi kama mtu aliyeokolewa mtoni. Hatimaye, mtu wa kawaida anayekunywa maji! Akaandika: mke ametulia, amekubali. Akagonga muhuri, akawapa mkono, akawatakia safari njema.

Wakatoka. Kwenye veranda Mghendi alimshika mkewe kiwiko. "Mama Daisy. Umemeza."

"Nilikuwa na kiu," alisema Mama Daisy. "Ngoja niende sokoni nichukue vitunguu, tutakutana stendi."

Akaenda zake, mgongo umenyooka, hakugeuka nyuma.

Sasa fikiria hali ya Mghendi. Cheti anacho. Kauli ya mke anayo. Kwa kaunta bunduki inamngoja imefunguliwa leso, na Afande Muinde ameshika kalamu. Kitu alichokitaka kuliko vyote kiko mbele yake, imebaki kuweka sahihi tu. Na sauti ya glup haijamtoka masikioni. Mtu akikataa kutasa, bado unaweza kujidanganya kwamba hana jambo. Lakini mtu akijaza mdomo mbele yako, akameza, amekuonyesha. Ninayo. Nimeipima, ni funda zima, na naondoka nayo.

"Afande," aliuliza, "hii sasa si ya muda tena?"

"Za muda zimeisha, mzee. Hii ni ya kudumu. Wewe na bunduki yako mpaka Mungu awatenganishe."

Mghendi akaitazama bunduki. Ilikuwa imekonda. Ilikuwa na kutu karibu na mdomo pamoja na blanketi zote zile. Akajiona amezeeka nayo, kitanda kile kile, ukuta ule ule, na upande wa pili wa ukuta mtu anageuka geuka kwenye kitanda cha mtoto. Aliona haya. Haya ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

"Chukua," alisema. "Sirudi nayo."

"Chukua nini?"

"Bunduki. Nairudisha."

Muinde akacheka, kisha akaona mzee hacheki. "Mzee, umepita! Watu hulia hapa wapewe. Sijawahi kuona mtu amepewa akakataa."

"Kwa daktari nimepita. Nyumbani nimeanguka."

Hilo lilimshinda Muinde. Mtu anayetaka bunduki anapimwa akili, sawa, hiyo sheria anaijua. Lakini mtu aliyethibitishwa timamu ili apewe bunduki, halafu ameikataa dakika hiyo hiyo, je, bado ni timamu? Na kama si timamu, kukataa kwake kunakubalika? Na kama hakukubaliki, je, arudishiwe bunduki kwa nguvu, yeye asiye timamu? Jasho likamtoka. Akamchukua mzee kwa mkono akamrudisha kwa daktari.

Daktari Shanice alipomwona Mghendi mlangoni, alilalia karatasi zake kwa mikono yote miwili.

"Anaikataa," alisema Muinde.

"Basi mpe anachotaka," alisema daktari. "Lakini tafadhali, msimpe maji."

Mghendi alitoka mikono mitupu. Musyimi, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake kwenye kivuli cha ukuta, akaruka chini. "Iko wapi?"

"Imebaki," alisema Mghendi, na hakusema zaidi. Musyimi akajijazia mwenyewe kwamba imebaki kukaguliwa. Mama Daisy alipofika stendi na vitunguu vyake, naye akatazama bega la mumewe likiwa tupu, akaambiwa neno hilo hilo. Hakuuliza. Wakarudi Marungu, vitunguu katikati yao.

Na ndovu? Ndovu hawangoji. Jua lilikuwa bado halijazama wakati Musyimi alipoingia uwanjani kwa Mghendi akikimbia, kofia mkononi, na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Wamevuka! Wamevuka reli! Wako kwenye mpaka wa shamba langu, wale watano, na yule mama yao wa pembe moja! Mzee, toa kitu! Hata kama haijakaguliwa!"

Mghendi alikuwa amesimama mlangoni amevaa koti. Hakuwa na la kubeba begani, mkono ukawa unaning'inia. "Haipo," alisema. "Nimeirudisha."

"Umeirudishaje? Wamekunyima?"

"Walinipa. Nimeirudisha mwenyewe."

Weh! Kelele zilizotoka hapo! Musyimi alishika kichwa. "Mmesikia? Amerudisha ndengu zangu serikalini! Tumekujengea sefu, mzee! Tumebomoa mlango wako! Kwa nini?"

Mama Daisy alikuwa ametokea jikoni, kikombe cha maji mkononi, kitunguu nusu mkono wa pili. Mghendi hakumtazama Musyimi. Alimtazama mkewe.

"Kwa sababu ulimeza," alisema.

Watu hawakuelewa. Mama Daisy alielewa. Kitunguu kilimponyoka, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Musyimi, na yale yaliyokuwa yamekaa ndani tangu Daisy darasa la tatu yakaja juu kwa pamoja.

"Uliniambia ni ya muda!" alipiga ukelele. "Ya muda, Baba Daisy! Nikabeba mto wangu! Daisy alipoumwa surua nililala sakafuni kwa sababu kitanda chake hakitutoshi, na wewe kule ndani unafunika chuma blanketi! Mvua inanyesha, unaamka kuangalia kama chuma kimelowa, mimi navujiwa! Na siku nilipotoka kumzika mama yangu Chawia, sikuweza kulala peke yangu, nikaja mlangoni kwako na mto wangu, nikasimama. Ulikuwa umeikumbatia! Ukafungua jicho moja, ukaniambia, 'Tembea polepole usiigonge!' Usiigonge! Mimi! Mama yangu nimetoka kumfukia, mimi nitembee polepole!"

Sauti yake haikuwa sauti tena, ilikuwa ngurumo. Kuku walipanda juu ya paa. Sefu kule chumbani ikaitikia kupitia tundu lake. Na pale mpakani mwa shamba la Musyimi, ambapo kila mtu alikuwa akitupa jicho, yule jike wa pembe moja akatandaza masikio. Bunduki alikuwa ameizoea miaka yote, akiiona ikipita na koti la mzee jioni. Lakini Mama Daisy hakuwahi kumsikia maishani mwake. Akarudi hatua, akapiga baragumu fupi la wasiwasi, akageuza ukoo wake wote, wakashika njia ya reli kwa mwendo ambao ndovu huuweka kwa ajili ya moto.

Kijiji kizima kikageuka kumtazama Mama Daisy.

"Sikuuona mto," alisema Mghendi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama Daisy, haki, usiku ule sikuuona mto."

Machozi yalikuwa yanamshuka mkewe. Akainua kile kikombe cha maji, akapiga funda, mashavu yakajaa. Kila Mdawida aliyekuwepo alijua kinachofuata, wengine wakaanza kuvua kofia.

"Usiteme!" alipiga kelele Musyimi.

Aliruka katikati, akapiga magoti kwenye vumbi, mzima mzima, mtu wa watu. "Mama Daisy, nakuomba, usiteme! Umewaona wale ndovu? Hiyo hasira ni dhahabu! Ikikaa nawe, hapa hakanyagi ndovu. Hatuombi sana. Ishike kidogo mpaka tuvune. Ni ya muda tu!"

"Ni ya muda tu, mama," waliitikia watu wawili watatu nyuma, kisha wengi. Walisema kwa upole kabisa. Waliona wanaomba jambo dogo.

Mama Daisy alisimama na mashavu yake yamejaa. Macho yake yaliwapitia wote, yakaja yakatua kwa mumewe. Na Mghendi aliona, safari hii aliona, koo lake likijiandaa kumeza.

Akamwondoa Musyimi njiani kwa mkono.

"Hapa kwangu vya muda vimekwisha," alisema. Akaenda akasimama mbele ya mkewe, karibu kabisa, akavua lile koti akaliacha lianguke. "Tema, Mama Daisy. Nitemee mimi."

Alitema. Alipuliza maji yote usoni mwa mumewe, na yaliyobaki yakamfikia Musyimi aliyekuwa bado kwenye magoti. "Imetoka," alisema, akihema. "Yote. Ibaki amani." Akakaa chini kwenye kizingiti, kama mtu aliyetua gunia.

Ndovu walirudi, sikudanganyi. Watu walikuwa hata hawajafika majumbani. Walikula mistari mingi ya ndengu za Musyimi na michache ya Mghendi, na Marungu yote ikatoka na madebe na sufuria kuwapigia kelele kama zamani, Mama Daisy naye akipiga lake, lakini sauti ile ya kwanza haikuwepo tena na ndovu walilijua hilo. Musyimi hakuwasalimia mpaka mvua za vuli. Ndengu zilizookolewa Mama Daisy alizihifadhi kwenye sefu, na panya hawakuziweza, isipokuwa mmoja aliyelijua lile tundu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile, vumbi lilipotulia, Mama Daisy aliingia chumbani na mto wake. Alisimama kando ya kitanda akakitazama. Upande wa ukutani godoro lilikuwa limebonyea shimo refu, jembamba, lenye umbo la bunduki kamili, hata kitako chake kilionekana. Mghendi alikuwa amesimama nyuma yake, nywele bado zimelowa, hajui aweke wapi mikono.

"Shika upande huo," Mama Daisy alisema.

Wakalishika godoro, yeye huku na mumewe kule, wakaligeuza.